Kutoa Rangi

Siku ile amri ilipobandikwa, watu wa Mji waliisoma, wakaguna, wakaenda zao sokoni. Haikuwa amri ndefu. Maneno matano tu: *Kila picha itoe rangi yake.* Chini yake muhuri, na chini ya muhuri ukuta. Watu walidhani ni jambo la siku mbili tatu, maana amri nyingi za Mji ule zilibandikwa asubuhi na mvua ya alasiri ikazibandua. Hii haikubanduka.

Sababu ilitolewa, na sababu yenyewe, msinicheke, ilikuwa nzuri. Mtaa wa milango myekundu na mtaa wa milango ya kijani walikuwa hawazikani. Wakuu wakakaa, wakanywa kahawa, wakaona kwamba rangi ikiondoka, ugomvi utakosa pa kushika. Wakaanza na picha kwa sababu picha hazijibu.

Za kwanza kupelekwa zilikuwa picha za kalenda, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Siku za mapumziko katika kalenda za Mji ziliandikwa kwa nyekundu. Zilipogeuka kijivu kama nyingine, hakuna aliyejua tena lini watu wapumzike, na wiki ikawa haina kichwa wala miguu. Tangu hapo ukimuuliza mtu amri ile ina umri gani, mmoja atakwambia mwezi, wa pili atakwambia ilikuwapo kabla hajazaliwa, na wote wawili watakuapia. Siwema, ambaye habari hii ni yake, alikumbuka vizuri kwamba amri ilibandikwa yeye akiwa mtu mzima mwenye kazi. Siku nyingine alikumbuka vizuri vilevile kwamba aliisoma akiwa amebebwa mgongoni.

Kazi yake ndiyo hiyo ya kutoa rangi. Alikuwa na chumba, kiti, na kompyuta yenye programu moja, na ndani ya programu kitufe kimoja kilichoandikwa TOA RANGI. Picha inafunguka, Siwema anabofya, picha inakuwa kijivu, anaihifadhi, inafunguka nyingine. Kabla ya adhuhuri alikuwa amemaliza nyuso mia tatu. Alikuwa hodari, na alijua kwamba ni hodari. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimeota sugu upande mmoja, na aliionyesha sugu hiyo kwa watu bila kuombwa.

Kutoka chumbani kwake picha zilichapwa na kupelekwa Dirishani, kwa Bwana Faki, Mpimaji wa Mji. Bwana Faki hakuwa mtu mbaya, na msije mkasema mimi nilisema hivyo. Alikuwa mtu wa maandishi. Kanuni ikisema simama, yeye husimama, na ikisahau kusema kaa, hukesha wima. Alikuwa na lenzi yenye mpini wa pembe, na kwa lenzi hiyo alitazama picha, akamtazama mwenye picha aliyesimama mbele yake, akatazama tena picha. Kama katika picha kulikuwa na maandishi yoyote, aliyasoma kwa sauti, kwa kuwa kanuni ilisema maandishi yasomwe. Kisha aliandika kwenye kadi neno moja kati ya mawili: *Yupo* au *Hayupo*.

Aliyeandikiwa Hayupo hakupigwa wala hakufungwa. Alirudi nyumbani na kadi yake, na asubuhi ya pili jirani hakuitika salamu yake. Si kwa chuki, jirani hakusikia. Muuza chai alimpita na birika akammiminia wa nyuma. Baada ya siku kadhaa, siku ngapi hakuna ajuaye kwa ajili ya zile kalenda, mtu huyo mwenyewe alichoka kugonga milango isiyofunguliwa, akaenda kukaa nyuma ya ukuta wa Mji pamoja na wenziwe. Hakuna njia ya kukata rufaa. Kila mtu alikuwa na picha moja tu, ile ya siku ya kuandikishwa, na kamera zote za Mji zilikwisha kukusanywa, zimefungiwa ghalani.

Siwema alijua habari za Hayupo, nani asiyezijua. Ila hakuwahi kuzihusisha na kidole chake. Yeye alibofya. Dirisha lilikuwa kule, yeye yuko huku.

Basi asubuhi moja akabofya, na mama yake akatoweka.

Ilikuwa picha ya Bi Mize, amesimama mbele ya nyumba yake, nyumba ile ile aliyomzalia Siwema. Ukuta wa kijani, ameupaka yeye mwenyewe kwa mkono wake, na doa moja la rangi lipo bado kwenye kizingiti. Mwilini kanga nyekundu, kichwani ya pili yake. Jua la saa nne linapiga juu ya ukuta. Siwema alitabasamu, akabofya, akasubiri kumwona mama yake kwa kijivu. Akauona ukuta. Ukuta mtupu, kuanzia pembe mpaka pembe, na katikati yake macho mawili na jino.

Alirudisha picha nyuma. Mama akarudi, mwekundu, amesimama. Akabofya tena. Ukuta.

Alifanya hivyo mara saba, na ndipo alipoelewa kilichotokea. Ule wekundu na ule ukijani havikuwa na kitu kimoja kati yao vilipokuwa hai, lakini ndani ya kijivu vilikuwa kijivu kile kile, bila tofauti hata ya unywele. Na uso wa Bi Mize, ambao ni maji ya kunde, ulikuwa sawa na ukuta ule pale ulipopigwa na jua. Hakuna aliyemfuta mama. Amelinganishwa tu na kilicho nyuma yake.

Kwenye orodha, mbele ya jina la Bi Mize, paliandikwa: Dirishani, kesho, saa mbili.

Saa ya chakula alikwenda nyumbani mbio. Mama yake alikuwa barazani anachambua kunde.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekuja na uso wa kazini?"

"Picha yako imefika mezani kwangu."

Bi Mize aliacha ungo, akafuta mikono, akajitengeneza kanga kichwani kana kwamba ndiyo kwanza anapigwa picha. "Enhe. Nimetokaje?"

"Hukutoka, mama."

"Sikutoka vizuri?"

"Hukutoka kabisa. Umetoka ukuta."

Mama yake alimtazama, kisha akautazama ukuta nyuma yake, ule ule, umepauka kidogo, kisha akajitazama miguu. "Kwani mimi nimekwenda wapi?" akauliza, na haikuwa hasira, alitaka kujua kweli. Siwema akamweleza. Alipomaliza, Bi Mize alirudi kwenye kunde zake, akatoa kijiwe kimoja, akakitupa uani.

"Na wewe unabonyeza watu mia tatu kwa siku?"

"Mia tatu kabla ya adhuhuri."

"Na wangapi wanatoka ukuta?"

Siwema hakuwahi kutazama. Unapotazama unachelewa, na yeye hakuwahi kuchelewa. Aliona haya hadi masikio yakamwasha, na ndani ya haya ile akaona nyuso zikipita, haziishi, na katikati ya nyuso, mara kwa mara, ukuta, mlango, pazia, jani la mgomba, macho mawili na jino.

"Kanga yenyewe ninayo bado," alisema Bi Mize, kubadilisha mazungumzo, kwa kuwa alimwonea mwanawe huruma. "Nimeitia chini kabisa ya sanduku. Siwezi kuifua na kitu. Kitu kile kinatoa rangi mpaka leo. Mwaka ule niliifua na shuka za baba yako, akalala siku nyingi kwenye shuka za rangi ya waridi, akaogopa hata kuzianika."

Siwema aliinuka.

"Umesemaje, mama?"

"Nimesema inatoa rangi."

"Ikitoa, inabaki nyeupe?"

"Ibaki nyeupe kwa nini? Wekundu wake uko pale pale. Inatoa tu, inawapa wengine." Bi Mize akacheka. "Kama ulimi wa shangazi yako."

Siwema alirudi kazini akitembea upesi, neno lile linamrukaruka kichwani. Maneno matano ya amri alikuwa ameyapita kila asubuhi, na siku zote aliyasoma kama anavyosema mtoza ushuru: toa, leta, uishiwe. Hakuwahi kuyasoma kwa sikio la mtu anayefua.

Chini ya kile kitufe kulikuwa na mshale mdogo, mdogo kama chembe ya bizari, ambao hakuwahi kuubofya kwa kuwa hakuna aliyemwambia aubofye. Aliubofya. Ikafunguka sehemu yenye mistari mitatu, na katika kila mstari kipini cha kusogezwa kushoto na kulia. *Nyekundu. Kijani. Buluu.* Vipini vilikuwa vimesimama mahali pake tangu zamani, na kila kimoja kina namba ya uzito. Kijani kilipewa zaidi ya nusu. Nyekundu haikufikia hata theluthi. Buluu ilirushiwa makombo.

Akakaa akizitazama namba zile, na kazi ya mia tatu ikalala.

Kwa hiyo, akawaza, kijivu si usawa. Kijivu ni mizani. Mtu alikaa mahali, siku moja, akanywa kahawa yake, akasema kijani kina uzito huu na buluu ina uzito huu, akaondoka. Nani? Hakuandika jina. Hakuwa na chuki huenda, huenda macho yake yalipenda majani. Na mimi nimeibeba mizani yake kwa kidole changu, nikaita kazi.

Na mtu je. Mtu ni nini. Nilidhani mtu ni kitu kilichosimama peke yake, kimejaa hadi ukingoni, hata ukimwekea nini nyuma yake atabaki yeye. Si kweli. Mama ni mama kwa sababu ukuta si mama. Ukiwasawazisha hao wawili humwui mama, hata humgusi, unaondoa tu ule mpaka mwembamba unaozunguka bega lake, na yeye anamwagika ndani ya ukuta kama maji ndani ya maji.

Ule mpaka. Nani amepewa kuulinda.

Mimi. Mimi niliyeota sugu.

Kanuni ya kazi ilibandikwa juu ya kompyuta na Siwema hakuhitaji kuisoma: mtoa rangi atakayepeleka Dirishani picha isiyotimiza amri, naye ataandikwa Hayupo siku ile ile. Aliitazama kanuni. Akashika kipini cha nyekundu, akakisogeza kulia.

Mwanzoni palitokea ukungu tu, ukuta umeingia chunusi. Akaongeza, na kijani akakirudisha nyuma kidogo kidogo, kwa kuwa aliona kwamba ukimwongezea mmoja bila kumpunguzia mwingine picha nzima inaungua kwa weupe. Likatoka bega. Likatoka shavu, kisha kidevu, kisha ukingo wa kanga ukipita kwenye goti. Ukuta ulirudi nyuma ukakoza, ukawa giza jema la kuegemea, na mbele yake akasimama mwanamke anang'aa, mdomo wazi kidogo, jino limepata kinywa chake.

Alikuwa na umri wa Siwema. Siwema hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa na mkunjo ule ule kwenye paji la uso, na mkono wa kulia ameuinua kidogo, kidole cha shahada mbele, kana kwamba anataka kubonyeza kitu kilichoko upande wa huku. Kwa muda, na msiniulize muda gani, Siwema hakujua ni yupi aliyekaa na ni yupi anayetolewa. Alihisi mtu anamsogezea kipini kutoka kule. Alihisi bega lake linapata ukingo. Hakuogopa. Akavuta kidogo tena, tone la mwisho, na kwenye pindo la kanga, pale ambapo herufi za kijani zilikuwa zimelala ndani ya wekundu na kwa kijivu cha kwanza hazikuonekana kabisa, maandishi yakapanda juu, meusi, yakasomeka.

Siku ile alitoa rangi picha moja.

Kesho yake saa mbili Bi Mize alifika Dirishani amevaa kanga ile ile. Siwema alisimama kando, jambo ambalo watoa rangi hawalifanyi. Tangu alfajiri muuza chai alikuwa amemruka Bi Mize mara mbili, kana kwamba kadi imekwisha kuandikwa, na Bi Mize alikuwa amemshika mkono wa shati mpaka akamwona.

Bwana Faki aliweka lenzi. Alitazama muda mrefu. Akainua kichwa.

"Binti Siwema, hii si kazi ya kitufe."

"Si ya kitufe, Bwana Faki. Ni ya mkono."

"Nimepima picha nyingi. Nyekundu haijawahi kuja kwangu na uzito huu. Umetoa rangi kweli?"

"Nimetoa. Itazame. Kuna rangi hapo?"

Aliipindua, akaitazama kwa pembeni, akaikaribisha kwenye mwanga. Ilikuwa kijivu mwanzo hadi mwisho. "Hakuna," alikubali. "Lakini mwanamke huyu anaonekana mwekundu." Akajisikia alivyosema, akakohoa.

"Bwana Faki, amri inasemaje?"

"Kila picha itoe rangi yake."

"Nyumbani kwako, nguo ikitoa rangi, rangi inakwenda wapi?"

Mpimaji alifikiri. Alikuwa mtu wa maandishi, na alipoulizwa maana ya neno hakuweza kulipita, ilikuwa ndiyo tabia yake. "Inaingia kwenye nguo nyingine," alisema. "Nilikuwa na kanzu hivyo."

"Basi na hii imetoa. Wekundu wake umetoka ukaingia ndani ya kijivu. Zile za kitufe hazikutoa, Bwana Faki. Zilinyang'anywa. Amri imeagiza kutoa, na mimi nilikuwa naiasi mara mia tatu kila asubuhi."

Watu katika foleni walisogea karibu. Bwana Faki alitafuta kanuni ya kumjibu. Midomo yake ilipita kanuni moja moja, na mikono yake ilifungua kadi, ikaifunga, ikaifungua. Kalamu ilikuwa juu ya neno. Siwema alijua kwamba kadi mbili zinaweza kuandikwa asubuhi ile, na akajua pia kwamba hatarudi chumbani kubofya, ije mvua lije jua. Akasema, taratibu kabisa:

"Kuna maandishi kwenye picha. Kanuni inasema yasomwe kwa sauti."

Hilo Bwana Faki alilijua. Alishukuru hata, uso wake ukalegea kwa kupata kitu cha kutii. Akasogeza lenzi kwenye pindo la kanga, akasafisha koo, akasoma kwa ile sauti yake ya Dirishani inayofika mpaka barabarani:

"Nimekaa. Siondoki."

"Ndivyo nilivyosema," alijibu Bi Mize.

Foleni ikacheka, na muuza chai akacheka, na kwa kuwa amecheka alimmiminia Bi Mize kikombe. Bwana Faki hakucheka. Alimtazama mwanamke, akatazama picha, akamtazama tena mwanamke, akaandika *Yupo*. Aliandika polepole na hati yake ilipinda.

Siwema hakungoja kumsindikiza mama yake. Alirudi chumbani, akachukua kipande cha plasta ya jeraha, akakibandika juu ya kioo pale kilipokaa kitufe cha TOA RANGI. Kisha akafungua jalada ambalo hakuwahi kulifungua, la picha zilizokwisha kurudi kutoka Dirishani na neno Hayupo. Zilikuwa nyingi kuliko alivyoogopa. Programu ilizihesabu kwa muda, ikaanza kuhesabu upya.

Ya kwanza ilikuwa mlango wa buluu iliyokoza, umefungwa, na mbele yake vifungo vitano vya shati vinaelea hewani. Jina chini: Shaame, seremala. Uzito wa mama hautamfaa huyu, alijua hilo kabla hajajaribu. Kila mtu ana ukuta wake na kila ukuta unataka mizani yake, na hakuna namba moja itakayowatoa wote, ndiyo maana walitengeneza kitufe. Itachukua miaka. Kalenda zimekufa, hakuna atakayeihesabu miaka hiyo. Akashika kipini cha buluu.

Mlango wa chumba ukafunguliwa. Alikuwa Bwana Faki, lenzi mkononi, na karatasi mkononi. Amepanda ngazi kwa haraka, anahema.

"Binti Siwema. Wamekwisha kusikia huko juu. Wameniandikia." Akainyoosha karatasi ile. Sauti haikuwa ile ya Dirishani. "Wanasema utoke kwenye kiti."

Siwema hakugeuka. Buluu ilikuwa inasogea, punje kwa punje, na kati ya kifungo cha pili na cha tatu kulikuwa kumeanza kuonekana kitu kama kifua cha mtu anayevuta pumzi.

"Nimekaa, Bwana Faki," alisema.

Mpimaji alisimama pale mlangoni na karatasi yake. Neno lililobaki alikuwa ameshalisoma mwenyewe, asubuhi ile, kwa sauti, mbele za watu.